Malalamiko ya Tambi za Pipi Kifua

Kwa Mzee Leonadi,
Mwenyekiti wa Mtaa wetu,
Mtanda, Lindi.

YAH: MADUKA KUFUNGWA SIKUKUU, NA PALE NILIPOISHIA JANA

Shikamoo Mwenyekiti.

Sasa, pale ulipoinuka jana ukachukua kofia yako ukasema una msiba, mie nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye tambi. Ukaniambia, "Bi Zuwena, maneno yako ni mengi, niandikie." Haya, nakuandikia. Na huo msiba nimeuliza mtaa mzima, hakuna aliyekufa. Lakini hayo tuyaache, mie si mtu wa kufuatilia mambo ya watu.

Najua barua hii utampa mtendaji akusomee, na yeye mgeni hapa, basi nimtajie watu. Mimi ni Zuwena, mama Maftaha. Ukuta wangu wa uani nimepakana na Munawar, mwenye duka la kona, na mkewe Bi Mehrunnisa. Ng'ambo ya njia, mlango unatazamana na wa Munawar, kuna duka la Laurenti, Mkatoliki, mkewe Genoveva. Maftaha ni binti yangu, ndiye anayeposwa. Au tuseme alikuwa anaposwa. Ndiyo maana naandika.

Malalamiko ya kwanza. Idi ndogo iliyopita.

Kwangu hatununui vitu vya Idi mpaka mwezi uandame. Ndivyo alivyo Baba Maftaha. Ukimletea sukari ya Idi kabla ya mwezi anakuuliza, "Zuwena, umeongea na nani huko juu?" Basi tunangoja. Na sukari ya mfungo ilikuwa imekwisha kwenye uji, imebaki ile ya kugongagonga mfuko. Na safari hiyo nilikuwa na wageni wa maana. Bi Salima wa Mitwero, mama wa yule kijana fundi majokofu, alikuwa anakuja kula Idi kwangu na kukamilisha posa. Mwanamke akija kukamilisha posa, Mwenyekiti, hali chakula. Anakichunguza.

Siku ya kumalizia mfungo nikasema nichungulie kwa Munawar, angalau nijue sukari ipo. Limefungwa. Kulikoni? Eti kwao ni Idi! Wao ni Waislamu wa dhehebu jingine, wana kalenda yao, imeshapigiwa hesabu toka enzi za mababu, hawakodoi macho mawinguni kama sisi. Kila mwaka wanatutangulia na kila mwaka nasahau. Sisi midomo imekauka, wao wamenukia udi, wanapanda gari kwenda Kilwa kwa mzee Valimohamed, baba yake Munawar. Bi Mehrunnisa ananipungia dirishani, "Idi mubarak, Zuwena!" Nimjibu nini? Mie nina saumu.

Nikasema potelea mbali, Laurenti yupo. Laurenti hana mwezi wa kungojea. Usiku ikatangazwa, mwezi umeonekana, takbira kila mahali. Asubuhi nakwenda kwa Laurenti na kibakuli changu. Limefungwa! Mlangoni kabandika kipande cha boksi: TUMEFUNGA KWA HESHIMA YA NDUGU ZETU WAISLAMU. Na ndugu zake Waislamu ndio sisi tuliojazana pale mlangoni tunamtafuta.

Unajua alikuwa wapi? Kwangu! Kwenye mkeka wangu, suruali imenyooshwa pasi, anangoja pilau. Nikamwambia, "Laurenti, kafungue duka unipe sukari."

"Dada Zuwena, siku kama ya leo? Nitawakosea."

"Utamkosea nani, na mwenye Idi ndiye anayekuomba?"

"Hapana dada. Heshima ni heshima. Pilau bado?"

Utasema, kwa nini usiende mjini? Nilikwenda kijiweni. Bodaboda wamevaa kanzu nyeupe, hakuna anayetaka kukaa juu ya tanki la mafuta. Utasema, kwa nini usiombe kwa majirani? Mwenyekiti! Mwanamke anayengoja wakwe agonge milango asubuhi ya Idi anaomba sukari? Habari ingefika Mitwero kabla wageni hawajavaa viatu. Mie mwenyewe ningeipata ya mtu mwingine ningeifikisha.

Basi nikaangalia ndani kuna kitu gani kitamu. Baba Maftaha ana mfuko wake wa pipi kifua, zile za kuzibua pua, anamumunya mwaka mzima bila ugonjwa wowote, ni ulafi tu. Nikazitwanga kwenye kinu. Nikayeyusha na siagi. Nikamwagia kwenye tambi.

Kwa macho zilikuwa nzuri.

Na wewe ulikuwepo, usinifanye nieleze sana. Bi Salima akatia kijiko kimoja. Akavuta pumzi, pua zote mbili, mpaka baibui likainuka. Akauliza taratibu, "Humu ndani mna mgonjwa?" Nikasema hatuna, alhamdulillahi, sote wazima. Na mume wangu, mume wa kunisaidia, saa hiyohiyo akakohoa! Na wewe, Mwenyekiti wa watu, ukafikiri unaniokoa, ukasema, "Mimi hata pua yangu imezibuka."

Kulipokucha Mitwero nzima inasema nyumba ya Zuwena wana ugonjwa wa kifua wa kurithishana, mpaka dawa wanapikia. Posa haikuvunjwa, la. Imesimama. Bi Salima katuma salamu kwamba watakuja tena Idi kubwa, "kuangalia afya." Mwanangu toka siku hiyo anafua nguo ambazo ni safi. Anazianua, anazifua tena. Nikimuuliza ananiambia, "Sina kitu mama." Mtoto akikwambia hana kitu namna hiyo, anacho.

Na Idi kubwa ndiyo hiyo, keshokutwa. Na jana, kabla ya kuja ofisini kwako, nimeyakuta maboksi yamebandikwa. Kwa Munawar: IDI TUMEFUNGA. Kwa Laurenti: IDI TUMEFUNGA, HESHIMA. Safari hii kafupisha, kazoea.

Malalamiko ya pili. Hiyo heshima yenyewe.

Sijapata kuona watu wanaoheshimiana kama Munawar na Laurenti, na sisi wengine tunaumia. Idi wanafunga wote. Krismasi wanafunga wote. Ijumaa Kuu wanafunga wote, halafu Munawar anamsaidia Laurenti kuwa na huzuni, wamekaa barazani hawasemi. Nikamuuliza Munawar siku ya Krismasi, yeye Krismasi inamhusu nini? Ananiambia, "Bi Zuwena, yule mwenzangu akiniona nauza chumvi wakati yeye yuko kanisani atajisikia vibaya." Loh! Mfanyabiashara gani huyo? Kwingine watu wanaviziana, mmoja akifunga kwenda chooni mwenzake anaita wateja. Hawa wanapeana heshima mpaka sisi tunalala bila kiberiti. Krismasi iliyopita mwanamume kavaa suti, tai mpaka hapa, anazunguka mtaani kuomba moto kama kaishi porini.

Ugomvi ungetufaa zaidi. Hilo naomba uliandike.

Malalamiko ya tatu. Sikukuu za serikali, kwa kuwa hawa hawatosheki na za Mungu.

Mei Mosi Munawar anafunga. Ile ni siku ya wafanyakazi. Yeye bosi, kachoka na nini? Nane Nane, sikukuu ya wakulima, Laurenti anafunga. Mie watu wa mama yangu wako Miteja, wakulima kwelikweli, na Nane Nane wanaamkia shambani kama kawaida. Huyu Laurenti jembe analijua kwa sababu analiuza. Sabasaba, sikukuu ya biashara, wafanyabiashara wote wawili wanafunga biashara! Nikamwambia Laurenti, siku ya ndoa yako ulikwenda kulala kwa mama yako? Akacheka. Hawa ukiwasema wanacheka, ndiyo shida yao.

Malalamiko ya nne, na hili nakulalamikia wewe, usikasirike.

Jana kabla ya kupata ule msiba wako uliniuliza, "Bi Zuwena, si ununue sukari leo uweke?" Wakubwa ndivyo mnavyojibu. Nimekaa nimelifikiria swali lako, nikaona halina kichwa. Sukari naweza kununua leo. Lakini keshokutwa haitakosekana sukari, Mwenyekiti. Itakosekana iliki. Nikinunua iliki itakosekana kiberiti. Kitu nitakachokisahau sikijui mpaka siku yenyewe, na siku yenyewe ndiyo wamefunga. Utanunuaje mapema kitu ambacho hujakisahau bado? Duka la sikukuu kazi yake ni hiyo, kukutunzia ulichosahau.

Halafu sukari nyumbani kwangu haikai. Baba Maftaha akijua ipo, anajiona mgonjwa, anataka chai.

Malalamiko ya tano. Na ofisi yako imefungwa!

Idi umefunga, Krismasi umefunga, mpaka ile siku ya mvua ulifunga. Sasa mtu akiumia kwa kufungiwa maduka sikukuu, analeta wapi shauri siku hiyohiyo, angali na uchungu? Mimi nimekaa na huu wa Idi ndogo mpaka jana. Uchungu wangu umechacha. Na wewe nakumbuka Idi ulikuwa wapi. Mkeka uleule, karibu na Laurenti.

Kwa hiyo naomba serikali ya mtaa itoe amri ifuatayo, na ibandikwe juu ya yale maboksi yao:

Kwanza, maduka yote ya Mtanda yafunguliwe siku za sikukuu, toka alfajiri mpaka mtu wa mwisho akumbuke alichosahau.

Pili, Munawar na Laurenti wapigwe marufuku kuheshimiana bila kibali. Anayetaka kumheshimu mwenzake aje ofisini kwako aeleze anamheshimu kwa sababu gani na mpaka lini.

Tatu, funguo za maduka zilale kwa mtendaji. Mtendaji kwao ni mbali, hana pa kwenda sikukuu, hana shemeji hapa. Akae auze.

Nne, kama hayo yamekushinda, basi sikukuu zigawanywe. Upande wa msikitini tule Idi siku moja, upande wa barabarani wale siku ya pili, huku wanakula kule wanauza. Watu wa mwezi watasema haiwezekani. Mbona Munawar anakula Idi yake mapema na mbingu hazijaanguka? Krismasi hivyohivyo, paroko aombwe kwa ustaarabu. Na mwezi nao, wale wanaohusika nao wauulize mapema. Ukitaka kuandama uandame mchana, watu wanunue vitu, si kutokeza magharibi kama mwizi.

Tano, asiyetaka kufungua aje mwenyewe kwangu keshokutwa, akae mbele ya Bi Salima, amwambie kwa mdomo wake kwamba hatuna kifua sisi, tuna majirani wenye heshima.

Hayo ndiyo yangu. Sijamsema mtu, nimeeleza tu.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, mwambie ule mkeka aliosema atanirudishia bado namngojea, sina haraka, ni Idi tu. Msalimie mtendaji kwa kusoma. Wasalimie wajumbe wote isipokuwa mmoja, anajijua. Bi Salima akipita hapo ofisini msalimie pia, na ukiweza mpumulie karibu, ajue Mtanda tunapumua vizuri.

Ni mimi niliyekuja jana ukakimbia,
Zuwena, mama Maftaha,
nyumba ya mlango wa bluu, ukuta mmoja na kwa Munawar.

Nyongeza.

Mwenyekiti, barua nilikuwa nimeshaikunja, naitwa ukutani. "Zuwena! We Zuwena!" Bi Mehrunnisa huyo, kapanda juu ya kreti la soda, kichwa kinaonekana na miwani tu. Ananiuliza, "Umeandika kwa Mwenyekiti atulazimishe kufungua?"

Nikasema nani kakwambia? Kasema Genoveva. Na mie nilimwambia Genoveva peke yake! Watu wa hapa hawana kifua, si cha kukohoa wala cha siri.

Nikajikaza. Nikamwambia ndiyo, nimeandika, duka ni la watu. Akanitazama. Akaniuliza, "Sasa nikikaa dukani keshokutwa napima mchele, tambi zako atapika nani?"

Nikasema nitapika mwenyewe.

Akasema, "Zuwena. Tumeonja zile."

Kumbe Laurenti aliwafungia kidogo kwenye kikombe, akawapelekea waliporudi Kilwa. Munawar anasema alikohoa mpaka akapona.

Ndipo akanieleza. Eti walishapanga zamani, wao na kwa Laurenti, wiki ileile habari ya Mitwero ilipofika. Safari hii hawaendi Kilwa, Idi yao wataila hapahapa kesho jioni wakishafunga duka, mzee Valimohamed ndiye anakuja. Yale maboksi wameyabandika mapema makusudi, wateja wamalize shida zao leo na kesho, keshokutwa asiwepo wa kuwagongea. Yeye atashinda jikoni kwangu toka asubuhi, anapika tambi na biriani, iliki yake, lozi zake. Genoveva analeta lile sufuria la jumuiya, wanalopikia sikukuu ya kigango, na atamenya vitunguu mpaka viishe. Munawar na Laurenti watakaa mkekani na Bi Salima, wapumue kwa sauti. Na Baba Maftaha watamkalisha kati yao, akitaka kukohoa wamtie sambusa.

Nikamwambia, mbona hamkuniambia? Akasema, "Tungekuambia, Mitwero wangejua."

Akanirushia mfuko wa sukari juu ya ukuta, akashuka kwenye kreti. Maftaha alikuwa pale kwenye kamba na nguo zake safi, kasikia yote. Kaziacha kwenye beseni. Kaingia ndani, nasikia anatafuta hina.

Kwa hiyo Mwenyekiti, barua hii usiichane, imenichosha mkono. Popote nilipoandika wafungue, wewe soma wafunge. Ile ya funguo kwa mtendaji ifute, mtendaji naye aje ale. Ile ya heshima kwa kibali ifute haraka, Laurenti asije akaiona akafungua kwa hasira. Ofisi yako funga tu kama ulivyozoea, na uje, lakini habari za pua usitaje.

Ila kuna mmoja. Jonas, yule wa kibanda cha kule barabarani, nasikia anasema keshokutwa atafungua toka alfajiri, auze peke yake wakati wenzake wamefunga! Mtu gani huyo asiyejua sikukuu ya watu? Na mkewe Getrude ndiye anayejua kukuna nazi upesi kuliko wote hapa, namtaka jikoni. Huyo naomba umfungie leo hii, kwa amri, na kama hataki, malalamiko yangu yote yaliyo hapo juu mhamishie yeye. Yaanze na lile la

Naitwa tena. Genoveva huyo, kaja na sufuria, limekwama mlangoni, na Baba Maftaha yuko nje hawezi kuingia.